Herufi Zilizokataa Kulowa

Mbele ya duka la mabango palikuwa na benchi ambalo zamani lilikuwa mlango. Mlango ulilazwa juu ya matofali, na aliyeulaza alisahau kung'oa kitasa, kwa hiyo aliyechelewa kufika alikaa upande wa kitasa, na anayekaa upande wa kitasa huwa hana hoja ndefu. Hapo ndipo walipokutana kila asubuhi Spana, fundi baiskeli wa karakana ya jirani; Kwa Mujibu, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hawezi kukuomba hata kiberiti bila kuanza na "kwa mujibu wa"; na Bi Birika, muuza kahawa, ambaye jiko lake la mkaa ndilo lililofanya mahali pale paitwe kijiwe badala ya takataka za ujenzi. Mwenye duka mwenyewe alikaa ndani, mbele ya kompyuta, dirisha likiwa wazi asije akapitwa na neno. Walimwita Fonti, tangu siku ile alipogombana na mteja mpaka mteja akatokwa machozi, na ugomvi wenyewe ulihusu mkia wa herufi g.

Siku hiyo Fonti alikuwa amenuna tangu anafungua duka. Spana ndiye aliyeliona hilo kwanza, maana alimsalimu akajibiwa na kipanya.

— Dada, vipi? Kompyuta imekosa nini? Unaibofya kama unaua kunguni.

— Niache, Spana. Nina kazi ya watu.

— Ya nani?

Fonti akavuta pumzi.

— Ya wifi.

Benchi zima likasema "Aaa!" kwa pamoja, kama watu waliotajiwa jina la ugonjwa wanaoujua.

Wifi huyo walimfahamu wote. Alikuwa dada wa mume wa Fonti, mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya filimbi, ambaye hajawahi kuona jambo akalikalia kimya. Siku moja, familia nzima ikiwa mezani, alisema mbele ya wakwe na watoto kwamba mke wa kaka yake anashinda kutwa kwenye kiti akicheza gemu, halafu jioni anasema amechoka. Watu walicheka. Mume wa Fonti naye alicheka kidogo, kisha akajifanya ni kikohozi. Fonti aliendelea kugawa chakula, lakini neno lile alilimeza bila kutafuna, na mpaka leo lilikuwa limekwama palepale.

Sasa jana jioni wifi alikuja dukani mwenyewe. Shule yake imemruhusu kutumia bwawa siku za Jumamosi, akafungua darasa la kufundisha wanawake watu wazima kuogelea. Kwenye bango alitaka neno moja kubwa, ELEA, na maelezo madogo chini yake.

"Lakini sitaki rangi ya bluu, wifi," alisema. "Kila mtu anaweka bluu. Nataka herufi zenyewe ziwe maji. Mtu akipita ajisikie kunawa uso. Unaweza, au nitafute kwingine?"

Ni hilo "kwingine" lililomponza Fonti. Alijibu huku akitazama kucha zake:

"Maji tu? Njoo kesho mchana ulichukue."

Alisema kama mtu aliyekwisha kuandika maji mpaka mikono ikachujuka. Ukweli ni kwamba hajawahi kuandika hata tone.

Kwa hiyo asubuhi hii alikuwa na neno ELEA kwenye skrini, na ELEA ilikuwa imegoma. Alipochoka kuiangalia peke yake, akaigeuza skrini dirishani.

— Semeni. Mnaona nini hapo?

Spana akasogea, akakunja jicho moja.

— Pakiti ya sabuni ya unga.

Fonti akairudisha ndani. Akaziongezea herufi mng'ao, akazivimbisha kingo, akaigeuza tena.

— Na sasa?

— Sasa ni ndoo, — alisema Bi Birika. — Ndoo mpya, tena ya bei nafuu. Hata harufu ya plastiki naisikia.

Akairudisha. Akatafuta picha ya matone, akayabandika juu ya herufi moja moja, kwa subira, kama anayeweka shanga. Akaigeuza.

Kwa Mujibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

— Zinatoka jasho, — alisema kwa upole. — Binti yangu, herufi hizo zina homa.

Fonti aliweka paji la uso juu ya meza. Na hapo, kama kawaida ya benchi hilo, mtu mmoja kuzidiwa kukawa ruhusa kwa wengine wote kuwa wataalamu.

— Tatizo lako nimeliona, — alianza Kwa Mujibu. — Kwa mujibu wa sayansi, maji hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Sasa unachora nini? Unachotakiwa kuchora ni hakuna. Na hakuna haichoreki.

— Basi kazi imeisha! — alisema Spana. — Ampe wifi bango tupu, amwambie ndiyo hayo maji, ni safi sana.

— Usinifanyie utani, kijana. Nazungumza kitaalamu.

— Mimi ndiye nitakayezungumza kitaalamu. Sikilizeni. Ukiimwagia kompyuta maji, inakuwaje?

— Inakufa.

— Inakufa! Haisubiri hata hospitali. Maji na kompyuta ni mahasimu wa damu. Halafu dada Fonti anaiamrisha: chora maji. Yaani wewe umfuate mtu ambaye shangazi yake ameliwa na simba, umwambie, ndugu, nichoree simba, tena umchore vizuri, akitabasamu. Atakuchorea?

Bi Birika alicheka mpaka kijiko kikamdondoka.

— Kwa hiyo afanyeje?

— Aizoeshe taratibu. Leo aweke glasi ya maji hapo mbali, kwenye rafu. Kesho aisogeze. Wiki ijayo kompyuta itakuwa imeshazoea, hata salamu watapeana.

— Wifi anakuja mchana huu, Spana, — Fonti alisema bila kuinua kichwa.

— Basi aisogeze haraka.

— Hapana, nyote mmepotea njia, — alisema Bi Birika, akimimina kahawa kwa madaha ya mtu anayejua hakuna atakayemkatiza huku kikombe chake kikiwa kitupu. — Mimi ndiye ninayeishi na maji hapa. Nayachota, nayabeba, nayachemsha. Maji ni mgeni asiye na kwao. Ukiyaweka kwenye birika, yanakuwa birika. Ukiyatia kwenye kikombe, yanakuwa kikombe. Hayana sura yao, yana sura ya mwenyeji. Sasa mwanangu umeyatafutia sura, lakini mwenyeji wake ni nani? Umeyaacha yamesimama peke yake kwenye weupe, kama mtu aliyeteremshwa kwenye gari njiani.

Fonti aliinua kichwa kidogo. Kulikuwa na kitu katika maneno yale, lakini kabla hajakishika, Kwa Mujibu alikwisha kukikanyaga.

— Kwa mujibu wa Bi Birika basi, kompyuta iwe na maji ya mtaa huu! Maji yanakumbuka yalikotoka. Ukitumia picha ya matone ya nchi za baridi, herufi zitatetemeka.

— Ya mtaa huu? — Spana aliruka. — Bomba la mtaa huu linatoa maji siku linapojisikia! Mtu na akili zake hajaonana na maji tangu Jumatatu, kompyuta itayajulia wapi? Subirini.

Akakimbilia karakana, akarudi amebeba lile beseni lake la kutafutia pancha, lililojaa maji meusi yenye utando wa grisi. Akalitua juu ya benchi kwa fahari.

— Haya. Maji ya mtaa. Tazama, dada, uchore.

Kwa Mujibu aliinama, akachungulia.

— Hayo si maji. Hayo ni ushahidi.

— Ushahidi wa nini?

— Sijui. Lakini kwa mujibu wa rangi yake, kuna mtu atafungwa.

Spana akasema mzee amemkosea heshima yeye na beseni lake. Mzee akasema heshima ya beseni ni kuoshwa. Bi Birika akawaambia wote wawili watoe uchafu karibu na jiko lake. Kwa Mujibu akasimama ili atoe uamuzi, akatupa mkono hewani kwa namna ya wakubwa, na mkono ule ukapita kwenye glasi yake ya maji ya kunywa. Glasi ikalala. Maji yakamwagika juu ya gazeti alilokuwa hajalimaliza, mengine yakatapakaa kwenye mbao za benchi kwa matone, makubwa na madogo.

Bi Birika alinyakua kitambaa.

— Usifute!

Sauti ilitoka dirishani, na aliyeitoa alikuwa amekwisha kutoka nje. Fonti alikuja kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, akapiga magoti mbele ya benchi, pua ikakaribia kugusa tone.

— Mtu asifute. Mtu asipumue.

Kwanza walidhani ameangusha kitu. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuona mwenzake akitazama kitu kwa bidii namna ile naye asitazame, wakainama wote.

Tone lilikuwa limetua juu ya ufa wa mbao. Ufa ulikuja umenyooka, ukaingia chini ya tone ukapinda, ukatoka upande wa pili ukanyooka tena. Kwenye gazeti, herufi zilizokuwa chini ya maji zilikuwa zimenenepa kuliko jirani zake. Tone lenyewe halikuwa na rangi yoyote. Upande uliotazama jua palikuwa na nukta ndogo nyeupe, kali kama ncha ya sindano, lakini kuizunguka nukta hiyo palikuwa na giza kidogo. Mwanga wenyewe ulikuwa umepita ndani ukaenda kukusanyika upande wa pili, mbali na jua, na nje ya hapo ndipo kilipoanzia kivuli chembamba.

— Jamani, — Fonti alisema taratibu. — Mimi nilikuwa naweka mwanga upande wa jua na giza upande wa pili, kama chungwa. Maji ni kinyume.

— Kinyume na nini? — Spana aliuliza.

— Kinyume na kila kitu. Na Bi Birika amesema kweli. Hayaonekani yenyewe. Kinachoonekana ni kilicho nyuma yake, kimepinda. Mimi nyuma nimeweka weupe. Weupe utapinda vipi?

Bi Birika alijishika kiuno.

— Nilisema.

— Kwa mujibu wa nani glasi ilianguka? — aliuliza Kwa Mujibu, ambaye hakutaka historia iandikwe vibaya.

Fonti hakuwasikia. Alikuwa anafikiria anachokihitaji nyuma ya herufi: kitu chenye mistari iliyonyooka, ili kupinda kwake kuonekane. Vigae. Sakafu ya bwawa. Na sakafu ya bwawa alikuwa nayo mtu mmoja tu. Alisimama na simu mkononi, akaitazama kwa muda ule ambao mtu huitazama dawa chungu kwenye kijiko, kisha akapiga.

— Wifi, shikamoo ya kazi. Nisaidie kitu. Nipigie picha ya vigae vya bwawa. Kutoka juu kabisa, simu ilale sawa na sakafu.

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto na filimbi.

— Picha ya nini tena? Si ulisema maji tu?

— Nilisema.

— Kumbe si maji tu.

Fonti alifumba macho.

— Si maji tu, wifi. Ni kazi. Nimehangaika nayo tangu asubuhi na bado sijaipata. Nahitaji hiyo picha.

Fonti alijiandaa kwa kila jibu baya alilolijua. Halafu wifi akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mezani:

— Subiri nivue viatu. Pale kwenye ngazi ndipo vigae vinaonekana vizuri.

Picha ilikuja. Na kilichofuata, benchi lilikiangalia dirishani kama watu wanaoangalia mpira wa fainali.

Fonti alitandaza vigae kwanza, skrini nzima. Juu yake akaweka ELEA, kwa herufi nene zenye mabega ya duara, kwa kuwa maji hayana kona. Kisha akaiondoa rangi yote ya herufi, ikabaki hakuna.

— Nilisema hakuna! — alifoka Kwa Mujibu kwa furaha.

— Shhh!

Herufi zilikuwa zimetoweka, lakini Fonti alikuwa anajua zilipo. Akazipa giza jepesi kwa ndani, upande wa mwanga unakotokea. Akazipa weupe laini upande wa pili. Akatia kivuli chembamba nje yake, kisichozidi upana wa unywele. Akachukua leya ya vigae, lile tabaka la chini, akaipinda mistari yake pale tu inapopita chini ya herufi, akavikuza vigae kidogo, akaipinda tena kwa kuwa mara ya kwanza ilionekana kama kioo kilichopasuka. Kingo za herufi akazivuruga, mguu wa A akauacha utiririke, na pembeni akaacha matone machache yaliyotoroka. Mwisho kabisa akaweka nukta nyeupe, moja moja, akizuia pumzi.

Aliegemea nyuma. Hakuigeuza skrini, wala hakuuliza mnaona nini.

Bi Birika aliingiza mkono dirishani na kitambaa chake, akaanza kufuta meza chini ya skrini.

— Yatakuingilia kwenye nyaya hayo, mwanangu, — alisema, kisha akashtuka, akaitazama meza kavu, akajitazama mkono. — Ala!

Fonti alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alicheka mpaka akashika mbavu, na benchi likacheka naye, na kuanzia hapo kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba kazi ile ni yake.

Bango lilipotoka kwenye mashine walilifunga nje, kati ya nguzo mbili, wino ukauke. Wifi alilikuta hapo. Alikuja kwa mwendo wake wa kijeshi, akapunguza hatua, akasimama.

— Nani amelimwagia maji? — aliuliza kwa ukali. Akanyoosha kidole, akagusa mguu wa A, akatazama ncha ya kidole chake. Kikavu. Akagusa tena.

Fonti alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

— Wifi, — alisema yule mrefu, bila kugeuka.

— Abee.

— Siku ile mezani.

— Siku gani? — alisema Fonti, ambaye siku hiyo aliikumbuka mpaka rangi ya kitambaa cha meza.

— Nilisema maneno.

— Ulisema gemu.

— Haya. Si gemu. — Akakohoa kidogo, kikohozi kilekile cha kaka yake. — Na nitasema mezani vilevile, wakiwepo wote.

Fonti alijibu "sawa", neno dogo tu, lakini lililokuwa limekwama kifuani lilishuka, na alilisikia likishuka.

Benchi lilikwisha kurudi kwenye mambo yake. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama bango, na kila aliyesimama alipewa mhadhara. Spana alieleza jinsi beseni lake lilivyofungua njia. Kwa Mujibu alieleza jinsi glasi ilivyoanguka kwa mpango maalumu. Bi Birika alieleza tabia za maji kwa jumla: yanavyoingia, yanavyotoka, yanavyomheshimu mtu na yanavyomdharau. Ungewasikia ungedhani watatu hao wamezaliwa na samaki.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo muda, na kapu la sokoni begani. Hakuna aliyemjua. Alisoma neno kubwa, akasoma maelezo madogo chini yake, akayasoma tena midomo ikicheza. Akawasikiliza mpaka Bi Birika alipomaliza.

— Samahani, — alisema. — Nimefurahi kuwasikia. Sasa hapa, nani anajua kuogelea?

Spana akajikuta anatazama beseni lake.

— Kwa mujibu wa... — alianza mzee, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hapakuwa na kitu kilichofuata.

Bi Birika akatikisa birika, akasema kahawa imekwisha. Kahawa iliyobaki nusu ilisikika wazi ikicheza ndani.

Mwanamke akamgeukia Fonti.

— Na wewe, dada? Si wewe uliyeyaandika?

— Mimi najua kuyaandika tu, — alisema Fonti. — Yakinifika magotini napiga kelele.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa mgeni naye hakucheka. Alihamisha kapu bega lingine.

— Nimeuliza kwa sababu hata mimi sijui. Nataka kwenda, lakini nikajisemea, nitakuwa mtu mzima peke yangu pale, nimeshikilia ukuta.

Fonti alilitazama bango. Maji yalikuwa yametulia juu yake, safi, yakionyesha vigae vya chini kimoja kimoja. Yalimtisha. Yalikuwa yamependeza kiasi cha kumtisha.

— Hutakuwa peke yako, — alisikia anasema. Kisha akamgeukia dada wa mumewe, sauti ikiwa imepungua. — Wifi, hapo kwenye ngazi maji yanafika wapi?

— Kifuani tu.

— Kifuani kwa nani? Kwangu au kwako?

Wifi alimtazama kutoka huko juu aliko, akamshusha macho mpaka kwenye viatu, akampandisha. Akapiga hesabu ya kimo kimya kimya. Kisha akampa mkono, ule mpana wa mwalimu wa michezo, akaushika wa Fonti kama wameshaingia.

— Twende tukalitundike, — alisema. — Mengine nitakwambia ukishakuwa ndani.